Get, na Pindo la Kukulia

Mimi si msemaji. Darasani nakaa upande wa dirisha, na mwalimu akiuliza swali naangalia nje kana kwamba jibu linapita barabarani. Lakini kuna neno moja la Kiingereza ninalolijua kuliko darasa letu zima, na nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu wenzangu wamelisoma tu, mimi nimelifanyia kazi. Neno lenyewe ni get.

Shule yetu inafundisha kwa Kifaransa. Hesabu, historia, biolojia, mpaka kugombezwa tunagombezwa kwa Kifaransa. Kiingereza kinakuja mara chache kwa wiki, mchana, baada ya maharage, macho ya kila mtu yakiwa mazito. Mwalimu wa Kiingereza ni kijana aliyesomea Tanzania. Akichoka na Kifaransa anatufafanulia kwa Kiswahili, na hapo wenzangu waliotoka milimani wanabaki njiani, ila mimi nimezaliwa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili hapa mjini, na nyumbani tunalia na kucheka kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza nikajikuta naelewa kabla ya wale wanaonyoosha mikono.

Siku ya get aliliandika katikati ya ubao, akalizungushia duara.

"Kifaransa," akasema, "ni tajiri mwenye kabati. Ana suti ya arusi, suti ya msiba, koti la mvua. Kiingereza hakina kabati. Kina kitenge kimoja. Asubuhi unajifunga kiunoni, mchana unabebea mtoto, mvua ikija unajifunika, ukichoka unakitandika unakalia. Kitenge ni kilekile. Kilichobadilika ni ufungaji."

Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na kitenge hicho kinafuliwa lini?"

"Siku utakapopata sifuri. You will get zero. Umeona? Hata hiyo imo."

Darasa likacheka. Akatuonyesha ufungaji mmoja baada ya mwingine. Ukiweka kitu baada ya get, umepata kitu. Ukiweka sifa baada yake, kama giza, baridi au uchovu, basi hali imegeuka kuwa hivyo. Ukiweka mahali, umefika. Ukiweka mtu na kazi, umemfanya huyo mtu aifanye. Na ukiweka kitu na kazi ambayo imeshafanyika, umehakikisha imekwisha, na hakuna atakayeuliza ni mkono wa nani.

Wenzangu walinakili wakafunga vitabu. Mimi nilirudi nyumbani nikavijaribu kwa vitu vya nyumbani, maana sipendi sentensi za kitabu ambamo kila mtu ana kalamu na paka. Mama ni fundi cherehani. Mama gets thread from Hajji, yaani anapata uzi kwa Hajji mwenye duka, na ni kweli anaupata huko. The iron gets hot: pasi inapata moto. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu hata sisi tunasema pasi inapata moto, kwa hiyo kitenge cha Waingereza hakikuwa kigeni kihivyo. Mama gets me to sew buttons, yaani ananishonesha vifungo, tena bila kuniuliza kama nataka. We get the trousers finished: suruali inaisha kabla mwenyewe hajaja kutupigia kelele.

Nilizisema kwa mnong'ono tu. Tangu vita vianze kule mpakani, Kiingereza hapa mjini kimekuwa na harufu ya Uganda, walikotokea waasi, na mtu akikisikia njiani anageuza shingo kuona kimetoka mdomo gani. Mama aliniambia waziwazi, "Soma, lakini soma kichwani. Njiani wewe ni bubu." Amri hiyo haikunisumbua hata kidogo. Bubu nilikuwa tayari.

Sasa nieleze habari ya baraza. Baba anaendesha lori, yuko zaidi njiani kuliko nyumbani, na anayetuweka mjini ni mama na cherehani lake. Alikuwa anashonea kwenye baraza la duka la vitambaa la Hajji. Hajji ni mzee mwenye asili ya watu wa pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote. Siku moja alikuja na glasi yake ya chai, akasimama kando ya cherehani, akaanza kuisifu mvua. Mama akajua kuna jambo.

"Dada yangu," Hajji akasema, "unamjua mkwe wangu, yule fundi redio."

"Namjua."

"Amekosa mahali. Nikasema, labda baada ya mfungo huu unaokuja, Mungu akipenda, aje hapa barazani."

"Mungu akipenda," mama akajibu, akaendelea kukanyaga cherehani kama vile habari haimhusu.

Ilimhusu sana. Alianza kutafuta chumba karibu na soko, na kila mwenye chumba alimuuliza swali lilelile: una kazi ya kudumu, au ni ya viraka? Alikuwa na viraka. Zipu ya huyu, kola ya yule, gauni la Idi mara moja kwa mwaka. Wenye vyumba walimpa chai na kumwambia watafikiria. Sisi Wanyarwanda hatusemi hapana, tunasema tutafikiria, na mama alirudi nyumbani akijua anachojua. Bila kazi ya kudumu hapati chumba, na bila chumba cherehani lingerudi nyumbani chini ya kitanda.

Ndipo akaja Madamu.

Alikuwa mzungu, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mwanaume, na alielekezwa kwetu na mpishi wake ambaye mama humrekebishia makoti. Alikuwa na shule ndogo ya watoto wadogo kwenye gereji ya nyumba yake huko Kiyovu, watoto wa mabalozi na wa watu wa mashirika. Kifaransa chake kilikuwa kinachechemea. Baada ya kuhangaika nacho kidogo alikiacha, akamtazama mama, mama naye akageuka kunitafuta. Nilikuwa nyuma ya mapazia ya duka, na nilikuwa nimejificha, siwezi kusema vingine.

"Huyu mtoto yangu iko anasoma Kingereza," mama akasema, kwa kile Kiswahili cha kusemea wazungu, akanivuta mkono mpaka mbele.

Sentensi zangu zote nzuri zilikimbia. Iliyobaki niliitoa hivyohivyo: "What do you want to get?"

Madamu akatabasamu, si kwa kunicheka, kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama sana. Akaeleza polepole. Watoto wanapaka rangi. They get paint everywhere, alisema, na hiyo niliielewa nzima nzima. Anataka aproni zenye mikono, za kuvaa juu ya nguo, za watoto wote. Akaacha moja kuukuu kama sampuli. Halafu akasema, na hii nilimtafsiria mama neno kwa neno, kwamba zikitoka vizuri kuna mapazia, kuna mashuka ya watoto wanapolala mchana, na kila mwaka kuna kitu. Jioni ile mama alipika wali.

Aliigeuza ile sampuli ndani nje. "Angalia," akaniambia. "Haina pindo. Aliyeshona hii alikuwa anakimbilia wapi?"

Kwetu Nyamirambo hakuna anayenunua nguo ya mtoto kwa kuangalia mbele. Mzazi anaanza kwa kuinua chini, anakunjua pindo, analipima kwa vidole. Likiwa la vidole viwili anairudisha nguo mezani na kuuliza bei ya vitunguu. Likiwa la vidole vinne anakaa. Hilo tunaliita pindo la kukulia. Kila Idi unaachia mkunjo mmoja, na gauni la mtoto aliyetunzwa lina mistari chini, rangi mbichi pale palipokuwa pamefichwa, unahesabu urefu aliouongeza kila mwaka. Mama alisifika kwa mapindo yake. Kwa Madamu akatia bidii ya ziada: pindo la kiganja kizima, mikono yenye mkunjo, mabega yaliyoachiwa nafasi. Kila aproni ilimtosha mtoto mmoja na nusu.

"Atashangaa," mama alisema tulipokuwa tunazifunga kwenye kitambaa.

Alishangaa kweli.

Tulikwenda kwa miguu, mama mbele na furushi kichwani. Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari alitufungulisha furushi, akainua aproni moja kwa ncha ya vidole.

"Za nani hizi?" akauliza kwa Kinyarwanda.

"Za watoto," mama akajibu.

"Watoto gani wakubwa hivi?"

"Watakua, mwanangu," mama akamwambia. Askari mwenyewe alikuwa na umri wa kaka yangu tu. Akacheka, akatupitisha. Mimi nilikuwa nimebana midomo tangu sokoni, na kichwani nilikuwa nafunga na kufungua kitenge changu: we get to the house, we get the work, Mama gets a room.

Gereji ya Madamu ilipakwa rangi ya njano. Kulikuwa na meza za kimo cha goti na viti kama vya sungura. Madamu alifungua furushi kwa furaha, akawavalisha watoto palepale. Mvulana mmoja mdogo mikono yake ilipotea kabisa. Akaipiga hewani kama jogoo anayetaka kuwika, wenzake wakaona ni mchezo, wakaanza wote kupiga mabawa. Msichana mmoja alitumbukiza mkono wa aproni kwenye kopo la rangi ya bluu, akageuka, na bluu ikamfuata ukutani. Mwingine alikanyaga pindo lake akakaa chini bila kutaka.

Madamu akaweka kiganja mdomoni. Akasema maneno mengi kwa upole.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema... kitambaa ni kizuri."

"Uso wake hausemi kitambaa. Nipe yote, usinichujie kama chai."

Nikampa. "Anasema ni kubwa mno."

"Mwambie zimeshonwa za kukulia."

Nilivuta pumzi. Sikuwa na neno la pindo, sikuwa na neno la mkunjo. Nilikuwa na kitenge changu kimoja. "They get tall," nikasema. "The apron gets short. My mother gets it down." Na kwa mikono nikaonyesha mtoto anavyopanda na nguo inavyoteremka.

Madamu aliinama akakunjua pindo, akalipitishia kidole gumba. Alielewa, niliona. Aliisifu kazi, na sidhani alikuwa anadanganya. Lakini akatuonyesha misumari ukutani. Aproni hazitoki hapa, alisema. Mtoto akija asubuhi anachukua yoyote, akiondoka anairudisha. Akiwa mkubwa anakwenda shule nyingine, na anakuja mwingine wa miaka mitatu. Watoto wanakua, ila shule yake haikui, kila mwaka ina wadogo walewale.

Nilimtafsiria mama hayo yote. Alifikiri.

"Kwa hiyo hizi ni nguo za nani?"

"Za shule."

"Shule haina mabega."

Hiyo sikuitafsiri. Lakini nilimwelewa mama. Miaka yote hajawahi kushonea msumari. Anashonea mtoto fulani wa mama fulani, na anajua huyo mtoto mwakani atafika wapi. Madamu naye hakuwa na kosa. Kila mmoja alikuwa sawa upande wake wa meza.

Madamu akatazama saa. Kesho yake wazazi walikuwa wanakuja kuangalia michoro, akasema, kwa hiyo atatumia zile kuukuu. Akasema asante kwa taabu yetu. Na mapazia, labda atamrudia yule fundi wa mjini aliyeshona zile za kwanza.

Sikumtafsiria mama. Hakuhitaji. Alikuwa ameanza kukunja aproni, moja juu ya nyingine, kola zikitazama upande mmoja, taratibu sana, jinsi anavyokunja nguo za mteja aliyekataa. Nikaona cherehani chini ya kitanda. Nikamwona mkwe wa Hajji barazani na redio zake zimefunguliwa matumbo.

Mpaka siku ile kila neno nililolisema mbele ya mgeni nilikuwa nimepewa na mtu. Mwalimu kaniuliza, mama kanituma. Sasa hakuna aliyenipa kitu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kuliko nilivyotaka.

"Get us a table," nikasema. "We get them short. Here. Today."

Baadaye mwalimu aliniambia kwamba ilikuwa inafaa niweke neno la kuomba mbele yake, kwa sababu hivyo nilivyosema ilikuwa kama amri ya jeshi. Labda. Madamu alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likizungumza.

"All of them?" akauliza.

"All. You get them before the dark."

Mama akanishika kiwiko. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia tunazifupisha hapahapa, leo."

"Leo? Cherehani liko wapi?"

"Kwa mkono, mama."

Akalitazama lile rundo. Akanitazama mimi. "Wewe mtoto utaniua na kunizika," akasema, lakini mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta subana ya kidoleni.

Meza tulipewa, na viti vilikuwa vilevile vya sungura. Mama alikaa magoti yakimfika kifuani, akajifunga kitenge vizuri, akatoa masharti. "Mkasi siweki. Napiga bandi, mshono wa mkono unaofumuka, nakunja ndani mara mbili, mikono nainua kwa mkunjo. Siku wakipata mtoto mrefu, wataachia." Madamu akakubali kila kitu kabla sijamaliza kutafsiri. Halafu mama akasema, "Niletee mfupi wao, wa katikati wao, na mrefu wao. Kama nguo haina mwenyewe, basi nishonee hao watatu."

Kazi ya kuwaleta ilikuwa yangu. Get up, nikamwambia yule jogoo mdogo, akapanda kwenye kiti. Get down, akashuka. Get your hand out, mkono ukatoka. Mimi ambaye nyumbani hata kuku hanisikii! Wakajipanga mstari, wakingoja niwaamrishe. Msichana wa rangi ya bluu akaniambia kwamba naongea kwa namna ya kuchekesha.

"Yes," nikamjibu. "Get on the chair."

Akapanda.

Madamu hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Alilamba, akapindisha, akafumba jicho moja, mwisho mama akamnyang'anya taratibu na kumwashiria pasi. Akawa anatupigia pasi kila aproni iliyokamilika. Mama aliikodolea macho ile pasi, nyaya zake na yote. "Hii haili mkaa?" akaniuliza. Nikamwambia inakula umeme. "Na yenyewe hailali njaa siku umeme ukikatika?" Hiyo nilimtafsiria Madamu, akacheka mpaka akaunguza ukosi kidogo, mama akausugua kwa maji na kumwambia kwa Kiswahili, moja kwa moja, kwamba acheke pasi ikiwa juu, si ikiwa chini. Madamu akaitikia kwa kichwa. Sikuona kwamba kuna haja ya kuingilia.

Kila aproni mama aliiwekea fundo la uzi shingoni kwa nyuma, jekundu kwa wafupi, la kijani kwa wa katikati, na kwa warefu hakuweka kitu. Nilipomweleza Madamu sababu yake, alisimama, akawaita watoto, akawafundisha rangi zao. Walikuwa wameshajua kabla hajamaliza. Wakawa wanazunguka wakiangaliana shingo.

Ya mwisho ilitundikwa msumarini jua likiwa bado liko juu ya mikaratusi. Madamu alizipitia kwa mkono zote, akasema yale mapazia tuje tuyapime wiki ile. Nilimpa mama habari kwa haraka, nikidhani atafurahi tuondoke. Badala yake alikuwa anaangalia kona ya gereji, palipokuwa na baiskeli isiyo na gurudumu na maboksi matupu.

"Mwambie kona ile haina kazi," akasema.

"Kwa nini nimwambie hivyo?"

"Mwambie nataka kuweka cherehani langu pale. Kazi zake zote nitazifanya papo hapo. Nikimaliza za kwake, nafanya za watu wangu."

Nilihisi masikio yanapata moto. Kwetu jambo kubwa haliombwi hivyo. Unakwenda mara ya kwanza kusalimia, mara ya pili kusalimia na ndizi, mara ya tatu unaligusa kwa mbali. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. "Mama, si turudi siku nyingine? Leo tumemwomba meza, leo hiihii tumwombe gereji?"

"Siku nyingine mkwe wa Hajji yuko barazani. Sema."

Nikasema. Sikuipamba. "My mother wants to get her machine here. In that corner. She sews for you. She gets the place."

Madamu akaiangalia kona, akamwangalia mama, akaiangalia tena kona. Akauliza kama cherehani lina kelele.

"Mwambie," mama akajibu, "lina kelele kunizidi mimi, na chini ya watoto wake."

Nilipotafsiri, Madamu akapiga goti lake kwa mkono. Akafikiri kidogo tena, na mimi nilijua maana ya kufikiri kwetu, nikaogopa. Lakini huyu alikuwa anafikiri kweli. Asubuhi hapana, akasema, asubuhi watoto wanaimba na hawasikii hata wao wenyewe. Kuanzia watoto wanapoondoka mpaka jioni, sawa. Mapazia kwanza, mashuka baadaye. Na mtu amsaidie kuondoa baiskeli ile.

Mama alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia kwenye kiwiko, kama tunavyompa mtu wa heshima. Halafu akaondoa baiskeli mwenyewe.

Sijui kama nilitembea au nilielea tukirudi. Midomo niliifunga, bariyeri ni bariyeri, lakini ndani nilikuwa nimesimama juu ya kiti na kuongea. Mama hakunisifu. Aliniuliza tu, tulipokaribia msikiti, "Ile ya kwanza uliyosema, ya meza. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Ehe," akasema. Kwa mama hiyo ni hotuba.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Hajji kabla Hajji hajamaliza kufungua mbao za duka.

"Hajji, mwite mkwe wako. Baraza liko wazi."

"Mfungo haujafika, dada."

"Haujafika. Mimi ndiyo nimefika."

"Kwani mimi nilikufukuza?"

"Hukunifukuza, Hajji. Ulinionyesha kalenda."

Mzee akashika ndevu. Sikupenda kumwona hivyo, kwa sababu ametupa kivuli miaka mingi na uzi wa kulipa pole pole. Mama naye nadhani hakupenda, maana alilainisha sauti. "Vitambaa nitaendelea kuchukua kwako. Mapazia ya mzungu yanakula kitambaa kuliko mbuzi."

Hajji akacheka kidogo. "Na kanzu yangu ya Idi atashona nani?"

"Kiyovu si unapajua? Njoo mchana, useme na mlinzi langoni, utanikuta."

"Mimi Hajji mzima nikapige hodi kwa mlinzi kwa ajili ya kanzu?"

"Wateja wenzako watakuja. Utawaona wewe mwenyewe watakavyopita hapa."

Mwenye ingorofani, ule mkokoteni wa gurudumu moja, alikuwa ameshafika na anatukagua kwa uvivu. Hajji akaweka chini glasi yake ya chai, akapandisha mikono ya kanzu, akashika upande mmoja wa cherehani. Mimi nikashika mwingine. Tulipolipakia na kulifunga kamba, mama alikuwa ameshaanza kupanda barabara, bila kugeuka kuangalia kama tunamfuata.